Wafu Kumi na Mmoja wa Kituo cha Ilundwe

Wa kwanza kufa alikuwa Anyosisye, muuguzi wa chanjo, mama wa miaka hamsini na mbili mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alikuwa anapiga mswaki kwenye karo la bweni la wanawake, mvua ya Machi ikitwanga bati juu yake. Akautazama mkono ulioshika mswaki, na mswaki ukamponyoka.

"Mwe! Jamani, njooni! Nimekufa mimi!"

Subilaga, mwenzake wa bweni, alitoka kitandani na shuka mabegani. Kucha za Anyosisye, zote kumi, zilikuwa zimegeuka zambarau, rangi iliyotokea ndani kwa ndani kama ya kidole kilichobanwa na mlango. Haziumi, alisema mwenyewe huku akizikwaruza, wala haziwashi. Subilaga akanyoosha vidole vyake chini ya taa. Vyake vilikuwa safi. Akashusha pumzi, kisha akaona haya kuishusha mbele ya mwenzake.

"Pole, marehemu," akamtania. "Huko Ahera kuna chai na maandazi, usitusahau."

"Cheka tu, mwali. Mkuki kwa nguruwe."

Walikuwa bado wanacheka yowe la kwanza liliposikika upande wa wanaume. Likafuata la pili. Kisha mtu akaanza kugonga milango, mmoja baada ya mwingine, na kila mlango uliofunguka ulitoa mtu aliyenyoosha mikono mbele kana kwamba si yake. Uji ulipoiva, wafu walikuwa kumi na mmoja kati ya watu kumi na wanne, na hakuna aliyekuwa na hamu ya utani tena.

Kituo cha Ilundwe hakikufundisha wahudumu wa afya kwa midoli. Zamani walifundisha hivyo, na yaliyotokea mwaka wa elfu mbili arobaini na tisa kila mtu anayajua: homa ilipita kusini yote ikianza na wauguzi. Tume iliyoundwa baada ya msiba ikatumia miezi kumi na minane kugundua kitu ambacho mfagizi yeyote wa wodi angewaambia kwa dakika moja. Watu walikuwa wanakalishwa ukumbini, wanaonyeshwa picha ukutani, wanakula wali kuku, wanapewa vyeti, wanarudi makwao kufa. Mikono yao haikuwa imejifunza chochote.

Ndipo wanasayansi wakaichukua homa ile ile, wakaikomba ndani kama mtu akombavyo dafu, wakabakiza ganda. Ndani ya ganda wakatia kitu kimoja tu, rangi. Wakakiita Mwigo. Mwigo hupita kwa jasho, mate na mguso, kama homa yenyewe ipitavyo, ila hauumizi wala hauui. Asubuhi ya pili hugeuza kucha, siku ya tisa rangi hufutika. Mwenye kucha za zambarau huhesabiwa maiti, huondolewa kwenye zoezi na kupelekwa chumba cha nyuma, ambacho wanafunzi wa zamani walikiandika AHERA kwa mkaa mlangoni. Kwa kawaida kila kundi hupoteza watu wawili, likizidi sana watatu.

Kumi na mmoja haijapata kutokea tangu kituo kifunguliwe, na mwaka huo ulikuwa wa sitini na nane.

*

Daktari Mwantumu Shekue, mkufunzi mkuu, aliingia ukumbini bila kusalimia. Alikuwa mwanamke wa Lushoto, na Msambaa asipokusalimia ujue nyumba inaungua.

"Kaeni. Walio hai na waliokufa, kaeni wote. Leo hakuna Ahera." Akasubiri wa mwisho akae. "Homa imetoka."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni sehemu ya zoezi.

"Si Mwigo. Ni homa yenyewe, bandarini Isyeto. Wagonjwa sita, waliokufa wawili, na mmoja wa waliokufa ni tabibu. Nimepigiwa simu alfajiri. Magari yatafika saa nane mchana kuja kuwachukua, kwa sababu mkoa mzima hauna timu nyingine iliyolivaa vazi la kinga wiki hii." Akawapitia kwa macho, mstari kwa mstari, mikono ile ya zambarau juu ya magoti. "Na timu yenyewe imejimaliza juzi."

Subilaga aliona mdomo wa Anyosisye ukifunguka na kubaki wazi. Yeye mwenyewe Isyeto alipajua. Dada yake mkubwa aliuza samaki pale miaka minne.

Daktari akauwasha ukuta. Kila mmoja wao alikuwa na bangili ya mpira mkononi, na bangili hizo ziliandika nani alikuwa wapi, aligusa nini, saa ngapi, na kila asubuhi zilinyonya tone la damu na kulipima. Ukutani zikatokea nyuzi nyekundu kumi na moja, kila uzi mtu mmoja. Zikarudi nyuma, alhamisi, jumatano, zikafika jumanne jioni kwenye ukumbi wa chakula, na hapo zote zikakutana mahali pamoja kama mito inayoingia ziwani.

"Sinia la nyama," alisema daktari.

Jumanne baada ya zoezi kituo kilichinja mbuzi. Na mbuzi akichomwa mbele ya watu wa Rungwe hakuna anayejiokotea anavyotaka. Mkubwa wao hushika kisu, akakata, akamkabidhi kila mmoja pande lake mkononi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ambakisye Mwaipaja, tabibu wa miaka sitini na saba aliyestaafu, akaombwa arudi. Hakuna asiyemjua. Mwaka wa arobaini na tisa, kwenye zahanati ya Kalambi, watumishi tisa kati ya kumi walikufa, naye peke yake akasimama siku arobaini akihudumia wagonjwa, homa isimguse. Zahanati ile sasa ina jina lake. Watu husema mikono ya Mwaipaja haishiki ugonjwa.

Uzi ukatoka kwenye mkono wa mzee na kurudi nyuma nusu saa zaidi, mpaka mlango wa saba wa kuvulia mavazi.

Huko kwenye milango ndiko watu walikofia mwaka ule, si kitandani kwa mgonjwa. Vazi la kinga ukilivaa uko salama. Kulivua ndiyo shughuli. Kuna hatua kumi na mbili, na kila baada ya hatua unaosha mikono kwa maji ya klorini. Umechoka, umelowa jasho, unataka hewa, na mkono wako una akili yake. Kwa hiyo kila anayevua ana mtazamaji anayesimama mbele yake, anasoma hatua, anaangalia, anasema "endelea." Mwishoni anasema "salama," na mlango unafunguka kwa neno hilo tu. Walijaribu kuliachia jicho la mashine, lakini mvuke wa klorini ulilitia ukungu, na umeme ulipokatika lilifumba. Sheria ikaandikwa upya: jicho liwe la mtu.

Daktari akasoma: "Mlango wa saba. Aliyevua, Mwaipaja Ambakisye. Mtazamaji, Mwakyoma Subilaga. Neno la mwisho la mtazamaji, salama."

Vichwa vyote vikageuka. Subilaga akatazama sakafu.

"Daktari," alisema Anyosisye taratibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Yule ni baba mkwe wake."

"Kwa hiyo?"

Hakuna mtu wa Rungwe aliyejibu. Wengine walijikuna, wengine wakatazama mvua. Utaanza wapi kumweleza mtu wa Lushoto jambo ambalo hata wewe mwenyewe unalionea aibu mjini na kulishika nyumbani? Kwamba mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe. Akimwona njiani anachepuka kwenye migomba. Hali chakula naye chumba kimoja, hataji jina lake, hasimami naye uso kwa uso. Watu wanapokea mshahara kwenye ngozi ya kiganja siku hizi, lakini akitokea baba mkwe kona ya sokoni utamwona daktari mzima wa meno anajificha nyuma ya magunia ya viazi.

Mashine ndiyo iliyowapanga pamoja. Ilisoma majina, Mwakyoma na Mwaipaja, ikaona watu wawili wasiohusiana. Subilaga angeweza kwenda ofisini akasema maneno mawili. Hakwenda. Alijiambia ni zoezi tu, na kwamba wenzake kutoka mikoa mingine wangemcheka.

Jumanne ile alisimama mlango wa saba akiwa na orodha mkononi, macho kwenye tundu la maji machafu sakafuni. Alisoma hatua ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Alisikiliza maji yakimwagika. Alisema "endelea" kila maji yaliponyamaza. Kisha akasema "salama," akageuka haraka, akaenda kula ugali wake kwenye baraza ya jikoni pamoja na wapishi, kama mkwe mwenye adabu.

Ndiyo sababu kucha zake zilikuwa safi. Sista Benadeta naye alikuwa safi kwa kuwa alikuwa ameacha nyama Kwaresima nzima. Mtu wa tatu mwenye kucha safi alikuwa mgawa nyama mwenyewe.

*

Daktari aliwaita wawili hao kwenye stoo ya mavazi na kufunga mlango. Mzee Mwaipaja akaenda kusimama dirishani, uso nje. Subilaga akasimama karibu na rafu, uso ukutani. Daktari alibaki katikati akiwageukia mmoja mmoja kama anayefukuza kuku.

"Tuna saa tano," alisema. "Nina swali na nina karatasi. Nianze na swali. Mzee, bangili yako inaonyesha Mwigo ulikuwa shingoni kwako, kifuani, na mikono yote miwili. Ulipaswa kufa wa kwanza. Kwa nini kucha zako ni nyeupe?"

Mzee aliendelea kutazama nje.

"Nimeitazama damu yako. Mwigo tuliuvika ganda la homa ya arobaini na tisa. Mtu ambaye hauwezi kumshika ni wa aina moja tu, aliyeugua homa hiyo akapona. Wewe uliiambia serikali hukuugua. Umesema hivyo kwenye redio. Nimekusikia nikiwa shule."

Subilaga alishika ubao wa rafu. Miaka tisa aliyoolewa na Lugano, kila msiba, kila harusi, kila mgeni aliyefika alisimuliwa habari ya mikono isiyoshika ugonjwa. Watoto wake wawili walilala wakisimuliwa hiyo.

"Hilo tuliache," alisema mzee hatimaye. "Karatasi inasemaje?"

Daktari akaweka kibao cha kioo juu ya sanduku la glavu. Juu yake palikuwa na maneno mawili na nafasi ya kidole. NILITAZAMA. SIKUTAZAMA.

"Mtazamaji ndiye anayejaza. Akisema alitazama na hatua zote zilikuwa sawa, basi kosa ni la mavazi. Tutayatupa haya, nina mengine mapya, timu itaondoka saa nane. Akisema hakutazama, inaandikwa kwenye leseni yake na haifutiki. Na ninyi wawili hamwendi popote mpaka mlango urudiwe hadharani, mbele ya wote waliokufa kwa ajili yake."

Mzee akakohoa. Kwa kikohozi hicho Subilaga angemtambua popote. Kwa miaka tisa alikuwa kikohozi, mkongojo, na viatu vya kahawia vilivyopakwa dawa vizuri.

"Mwambie mkwe wangu abonyeze la kwanza," alisema mzee.

"Si huyo hapo? Hatua tatu tu!"

"Mwambie. Mwambie Isyeto wananijua. Mtu mwingine akienda watamfungia milango, mimi watanifungulia. Na kama damu yangu ni hiyo uliyoiona, basi mimi ndiye mtu pekee katika timu hii asiyeweza kuugua. Mwambie sitagawa chakula. Nitakaa peke yangu. Hili lizikwe humu humu stoo, na jina la nyumba yake lisiguswe."

Daktari akamtazama Subilaga. Ungeona usoni mwake kuwa naye alikuwa amelifikiria hilo. Alikuwa na wagonjwa sita bandarini na simu iliyokuwa ikitetemeka mfukoni tangu asubuhi.

Subilaga akaunyoosha mkono kuelekea kibao, na mkono ukabaki hewani. Alimwona Lugano. Aliwaona mashangazi wa Lugano, wakikaa kikao juu ya mkwe aliyemvua nguo baba mkwe wake mbele ya watu. Leseni aliyoitafuta miaka saba. Neno la kwanza lilikuwa jepesi mno, lilihitaji kidole tu, na kila mtu angeshukuru. Lakini wale kumi na mmoja wangepanda magari wakiamini vazi ndilo lililowaua. Wangekwenda na mavazi mapya na macho yale yale. Na huko Isyeto kucha hazingebadilika rangi kwanza kumwonya mtu.

Akajikuta anauliza, bado uso ukutani, "Shemeji yangu Tumpe alikufaje?"

Tumpe alikuwa mke wa Gwakisa, kaka mkubwa wa Lugano. Alikufa mwaka ule huko Kalambi, na Gwakisa akahamia Ndola asirudi hata kwa mazishi ya mama yake. Nyumbani hatajwi sana. Husemwa tu, homa ilimchukua.

"Mwambie mkwe wangu," mzee alianza. "Mwambie..."

"Baba, niambieni mimi."

Subilaga akageuka.

Hakuwa amewahi kumtazama, na alipomtazama alishtuka kiasi cha kutaka kukaa chini. Alitegemea uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa mzee mwembamba aliyenyolewa vibaya, na masikio ya Lugano yamechomoza pande mbili, makubwa, yale yale anayoyavuta mumewe akifanya mzaha. Mzee alitaka kumkwepa, lakini stoo ilikuwa ndogo.

"Alikuwa muuguzi wangu pale Kalambi," alisema. Alisema kwa haraka sasa, kama anayetapika. "Tulipanga zamu tusikutane. Wagonjwa walipoanza kufa hatukuweza kupanga tena. Siku ya kumi na moja nilihisi homa, nikasema malaria, nikameza dawa, nikavaa, nikaingia wodini. Jioni tukabaki wodini mimi na yeye, wenzetu wametangulia kula. Yeye ndiye alikuwa mtazamaji wangu mlangoni."

"Hapana," alisema Daktari Shekue.

"Alitazama chini. Mimi nilishika shingo. Kabla ya mavazi haya ya siku hizi tulikuwa na aproni za kufunga nyuma, na mkono wangu ulizoea kwenda kisogoni kufungua kamba. Nilijua nimeshika. Nikasimama nikasubiri aseme. Hakusema. Nikajiambia, mimi ndiye mkubwa hapa, nitaongozwa na karatasi? Nikapita. Nikaenda kugawa chakula." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Tumpe alikufa siku ya tisa, akiwa na mimba ambayo hata Gwakisa alikuwa hajaambiwa. Wale wanane wakafuata. Homa yangu ikapoa siku ya nne. Watu wakaja kunishika mikono, wakasema haishiki ugonjwa. Nikawaacha waseme."

Subilaga akawahesabu. Watu tisa. Si homa iliyowapata Kalambi. Ilikabidhiwa kwao kwa mkono, pande moja moja, na mkono huo ukachorwa kwenye ukuta wa zahanati.

"Na juzi, baba? Mliona jina langu kwenye orodha. Mlijua."

"Nililiona. Nikaenda mpaka mlango wa ofisi ya daktari." Akamwonyesha kwa kidevu. "Nikarudi. Ningesema nini?"

"Mngesema, nibadilishieni mtazamaji. Basi."

"Na wewe," aliuliza mzee, si kwa ukali, "mbona hukusema?"

Swali hilo lilimwingia mahali pabaya. Alikuwa anamchukia kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alilifanya jumanne saa kumi na moja jioni, kwa adabu ile ile, na tofauti kati yao ilikuwa ganda tupu lenye rangi ndani. Waliompa Mwigo walimpa bahati ambayo Tumpe hakuipata. Akalia, akashindwa kujizuia, akalia waziwazi mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo nalo ni mwiko.

Kisha akabonyeza SIKUTAZAMA, akakishikilia kidole pale mpaka kioo kikalia.

*

Saa nane kasoro robo magari matatu meupe yalikuwa yamepanga mstari nje ya geti, injini zikinguruma. Uani, chini ya paa la bati, walisimama wafu kumi na mmoja na mikono yao ya zambarau. Daktari Shekue alikuwa amewaambia yote, ya jumanne na ya Kalambi, kwa sababu mzee mwenyewe alimwomba awaambie. Hakuna aliyezomea. Ingekuwa afadhali wangezomea. Kijana mmoja wa maabara, ambaye mama yake alikufa Kalambi, alikaa chini kwenye saruji iliyolowa na kukataa kuinuliwa.

Mzee Mwaipaja alikuwa amevaa vazi zima, Mwigo umepakwa kifuani na mikononi. Subilaga akasimama mbele yake, hatua mbili, bila orodha. Orodha alishaijua.

"Hatua ya kwanza. Osha mikono. Endelea. Hatua ya pili, aproni."

Alitazama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa maana shingo yake ilitaka kuinama yenyewe, na kila mara akairudisha juu. Alitazama vidole vikikunja aproni kwa ndani. Alitazama buti. Alitazama glavu za juu zikivuliwa bila ngozi kuguswa. Mzee alikuwa na mikono mizuri, ya mtu aliyefanya kazi miaka arobaini, na mpaka hatua ya sita hakukosea hata kidogo. Anyosisye akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Daktari akatazama saa.

Hatua ya saba ni kofia. Mzee akainama kidogo, na mkono wake wa kulia ukainuka, polepole, peke yake, ukielekea kisogoni kufungua kamba ambayo haikuwapo kwa miaka kumi na tisa.

Sheria inasema mtazamaji aite jina la kwanza, bila cheo, maana cheo huchelewesha.

"Ambakisye!" Subilaga alipiga kelele. "Mkono!"

Mama mmoja akajiziba mdomo. Mwingine akasema "Yesu wangu" na kugeuka ukutani. Katika koo zote za Rungwe pengine jina la baba mkwe halijawahi kuitwa hivyo, kwa sauti ya kumfukuza mbuzi shambani. Mzee aliganda. Mkono ulibaki hewani, kiasi cha kiganja kimoja kutoka shingoni, naye akautazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Shusha," alisema Subilaga. "Osha. Vaa upya. Rudia."

Sista Benadeta akamvalisha upya. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya saba mkono ukainuka tena.

"Ambakisye! Mkono! Rudia."

Nje dereva akapiga honi. Mara ya tatu mkono uliinuka tena, na safari hii mzee aliuona mwenyewe nusu ya njia na bado haukutii. Machozi yalikuwa yanatiririka ndani ya miwani ya kinga, hata miwani ikaingia ukungu.

Daktari Shekue akasogea. "Subilaga, magari. Watu wa Isyeto..."

"Yasubiri."

"Anaweza kubaki. Twende na wengine."

"Akibaki atabaki. Lakini hawa wote wanamwangalia, daktari. Kila mmoja hapa ana mtu ambaye hawezi kumwambia amekosea. Leo nataka wasikie inavyosemwa."

Honi ikalia tena, ndefu. Yule kijana wa maabara alikuwa ameinuka kutoka kwenye saruji. Alikuja mpaka begani kwa Subilaga, akasimama, naye akaanza kuutazama mkono wa mzee. Anyosisye akamfuata. Wakaja wengine, mmoja mmoja, mpaka wafu wote kumi na mmoja wakawa nusu duara.

Mzee alivua miwani kwa utaratibu, akaiosha, akavishwa mingine. Akainua uso na kumtazama mkwe wake machoni, bila kumtafuta mtu wa kupitishia maneno.

"Mwanangu," alisema, "ukiona unanihurumia, ongeza sauti."

"Sawa, baba," alisema Subilaga. Macho hakuyashusha. "Hatua ya kwanza. Osha mikono."